Mshahara au Duka? Hesabu ya Wawili Ugenini

Pengo la kipato linawafanya wahamiaji wengi waache ajira na kuanzisha biashara zao. Lakini kabla hamjamkabidhi mwenye fremu akiba yenu, kuna namba moja ambayo wapenzi wengi wanasahau kuihesabu.

Jumapili moja mchana, nikiwa jikoni nasubiri wali ukauke, simu ikaita. Alikuwa shoga yangu wa siku nyingi. Tulisoma naye chuo, tukalala chumba kimoja hosteli, na sasa ni mwaka wa tisa yuko Uingereza na mumewe. Kwa kawaida simu zake ni za umbea na vicheko. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yao, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu anayejificha.

"Shoga, shemeji yako anataka kuacha kazi," akaniambia. "Anataka tufungue duka la vyakula vya nyumbani. Unga, dagaa, ndizi, mawese. Na hela anayotaka kuitumia ni ile ya kiwanja."

Ile ya kiwanja naijua. Ni akiba ya miaka sita, iliyokusanywa pauni kwa pauni, ya kujenga Kigamboni. Wamekosa harusi za ndugu kwa ajili ya ile hela.

Shemeji yangu huyo alikuwa mhasibu hapa Dar. Tai shingoni, kiyoyozi, watu wa chini yake watatu. Kule anapanga mizigo ghalani, zamu ya usiku. Wabongo wa majuu wana neno lao kwa kazi za namna hiyo: kubeba boksi. Shoga yangu naye, na digrii yake, anahudumia wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawapa dawa. Wote wawili wana kibali cha kudumu, kwa hiyo sheria haiwazuii kufanya biashara. Na wote wawili wamechoka.

"Wewe unaonaje?" akaniuliza.

Mpenzi msomaji, nilikaa kimya. Mimi ni mtu wa maneno, na siku hiyo maneno yaliniishia. Nikamwambia anipe muda nisome, niulize, ndipo nimjibu. Haya unayoyasoma ndiyo majibu niliyompa, na nayaandika hapa kwa sababu najua wako wengi wenye swali hilohilo. Huenda mchumba wako yuko Minnesota. Huenda nyinyi wenyewe mnapanga kuondoka mwakani. Au mko huko tayari na mnasoma hii kwenye simu, mmoja akiwa zamu na mwingine kalala.

Pengo linaanzia wapi?

Tuanze na jambo ambalo sisi wa nyumbani hatupendi kuliamini. Mtu mwenye digrii akihamia nchi tajiri, mara nyingi analipwa pungufu kuliko mwenyeji mwenye elimu kama yake. Sio kwamba ni mvivu. Kiingereza cha ofisini kwao sio kile cha darasani kwetu. Cheti chako hakijulikani. Uzoefu wako wa miaka saba unaonekana kama haukuwepo. Na huna mjomba wa kukushika mkono, maana mjomba umemwacha Ilala.

Kuna mtafiti wa Toronto, Kanada, anaitwa Philip Oreopoulos. Alituma maelfu ya CV za kutunga kwa waajiri waliotangaza nafasi za kazi, halafu akasubiri simu. Matokeo yalichapishwa 2011. CV zenye jina la Kiingereza, elimu ya Kanada na uzoefu wa Kanada ziliitwa kwenye usaili zaidi ya mara tatu kuliko zile zenye majina ya Kichina, Kihindi au Kipakistani na elimu na uzoefu wa nje. Hata pale elimu na uzoefu vilipokuwa vya hapohapo Kanada, jina peke yake lilipunguza simu. Hebu fikiria: mtu hajakuona, hajasikia lafudhi yako, kasoma jina tu.

Serikali ya Kanada yenyewe ilitoa ripoti 2012 kuhusu madereva teksi wa nchi hiyo, ambao walikuwa zaidi ya 50,000. Karibu nusu yao walikuwa wahamiaji, na miongoni mwao walikuwemo madaktari wa binadamu na watu wenye shahada za uzamivu. Wale madaktari wanaoendesha teksi tunaowasikia kwenye hadithi wapo kweli.

Na kuna wanandoa ambao habari yao inatugusa Watanzania moja kwa moja. Jayaben Desai alizaliwa Gujarat, India, mwaka 1933, akaolewa na Suryakant, mwanaume aliyekuwa meneja wa kiwanda cha matairi Tanganyika. Waliishi huku kwetu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wakahamia Uingereza. Kule meneja akawa kibarua. Mkewe akashona nguo kwa malipo kiduchu, kisha akaingia Grunwick, kampuni ya kusafisha picha kaskazini magharibi mwa London. Agosti 1976 aliinuka, akatoka nje, akaongoza mgomo uliodumu karibu miaka miwili, hadi Julai 1978. Hawakushinda, lakini Uingereza nzima ilimjua yule mama mfupi aliyevaa sari.

Watu wengi wanaukumbuka mgomo. Mimi kilichonikaa moyoni ni yule mume, aliyepanda ndege akiwa meneja na kushuka akiwa kibarua. Kichwa ni kilekile, mikono ni ileile. Kilichobadilika ni mahali.

Je, muda unaponya?

Wengi tunajifariji hivi: "Miaka michache ya mwanzo ni ya kuumia, baadaye mambo yatanyooka." Wachumi wamebishana juu ya sentensi hiyo kwa zaidi ya miaka 40.

Mwaka 1978 Mmarekani Barry Chiswick alichapisha utafiti uliotokana na sensa ya Marekani ya 1970. Aliona kwamba wahamiaji wanaanza chini, lakini baada ya miaka kati ya 10 na 15 wanawafikia wenyeji, na wengine wanawapita. Habari njema, sivyo? Ila angalia aliwapima nani: wanaume, hasa waliohesabiwa kama wazungu.

Mwaka 1985 akaja George Borjas, mchumi aliyezaliwa Cuba, akasema ngoja kwanza. Ukipiga picha ya siku moja, ukamlinganisha aliyefika zamani na aliyefika juzi, unaweza kudanganyika. Tuseme umewakuta Watanzania wawili Houston. Aliyefika 1990 ana hela, aliyefika mwaka jana hana. Usikimbilie kusema miaka ndiyo iliyomtajirisha wa kwanza. Huenda alifika na ujuzi uliokuwa unatafutwa zaidi, au alikuta milango iko wazi. Tena wale wenzake wa 1990 ambao mambo yaliwashinda wakarudi nyumbani hawapo kwenye picha. Borjas alipowafuata watu wa kundi lilelile kutoka sensa ya 1970 hadi ya 1980, alikuta pengo linapungua taratibu kuliko Chiswick alivyodhani.

Kwa hiyo muda unasaidia, ila hausaidii wote kwa kasi moja. Anayefaidi zaidi ni yule anayeutumia kupata kitu ambacho soko la pale linakitambua: lugha ya kazi, leseni, cheti cha pale. Miaka tisa ya kubeba boksi bila kitu kipya mkononi inaweza kubaki kuwa miaka tisa ya kubeba boksi.

Ndipo wazo la duka linapoingia

Ukikataliwa mlango wa mbele, unazunguka nyuma. Kujiajiri ndio mlango wa nyuma wa wahamiaji wengi. Biashara yako haikuombi CV wala haijali lafudhi. Utafiti wa Pierre Azoulay na wenzake, uliochapishwa 2022, ulionyesha kuwa kwa kulinganisha na idadi yao, wahamiaji wa Marekani wanaanzisha kampuni kwa kiwango kinachowazidi wazaliwa wa nchi hiyo kwa takriban asilimia 80. Zipo kampuni kubwa kwenye hesabu hiyo, na yapo maduka ya kona.

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano wake. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Karibu 28,000 walikwenda Uingereza, wengi wakilenga mji wa Leicester. Halmashauri ya mji huo ilifika mahali pa kulipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije. Wakaja.

Wengi hawakuanza na maduka. Walianza viwandani. Mei 1974 wafanyakazi wa Kiasia wa kiwanda cha Imperial Typewriters mjini Leicester, wengi wao wakiwa wametoka Afrika Mashariki, waligoma kwa miezi mitatu hivi, moja ya sababu ikiwa bonasi ambazo waliona wanapunjwa. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. Miaka iliyofuata viwanda vingine navyo vikafifia, na watu wakageukia walichokijua kabla ya Amin: kununua na kuuza. Leo barabara ya Belgrave mjini Leicester, yenye maduka ya vito, sari na vyakula, inaitwa Maili ya Dhahabu na watu wanaitembelea kama kivutio.

Ukiitazama barabara hiyo leo utasema, "Waasia wana damu ya biashara." Lakini wengi wao walikuwa wamepitia kiwandani kwanza, wakapunjwa, kisha ajira yenyewe ikatoweka. Wengine walivutwa na duka, wengine walisukumwa kuelekea huko. Hilo ndilo swali la kwanza nililomrudishia shoga yangu: shemeji anavutwa au anasukumwa? Ameona wateja, au amemchoka msimamizi wa ghala?

Si vibaya kuchoka. Ila kuchoka peke yake sio mpango wa biashara.

Saa ambazo hazina mshahara

Sasa tuje kwenye ile namba. Kaa na mwenzio, chukueni karatasi.

Tuseme duka, baada ya kulipa pango, mzigo na umeme, linaacha pauni 3,000 kwa mwezi. Mume yuko dukani saa 60 kwa wiki. Mke anakuja jioni na wikiendi, saa 30 kwa wiki. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mwenye umri wa miaka 21 na kuendelea kiliwekwa pauni 12.21 kwa saa. Tutumie hicho, na namba zote ziwe kabla ya kodi.

Mume akiwa ameajiriwa saa 40 kwa wiki kwa kima cha chini, anapata kama pauni 2,116 kwa mwezi. Duka linaleta 3,000. Mume anatabasamu: "Unaona? Tumeongeza karibu pauni 900."

Haraka ya nini, bwana. Saa 60 na saa 30 ni saa 90 kwa wiki. Kwa mwezi ni saa 390. Gawanya 3,000 kwa 390, unapata pauni 7.69 kwa saa. Saa zilezile 390 kwa kima cha chini zingekuwa pauni 4,762. Kumbe duka "linalowatajirisha" linawalipa wote wawili chini ya kima cha chini, na sheria haina ugomvi na hilo, kwa sababu kima cha chini hakimlindi mtu aliyejiajiri. Vilevile aliyejiajiri hana likizo yenye malipo. Mwajiriwa wa Uingereza ana haki ya wiki 5.6 kwa mwaka. Wenye duka wakifunga, hela inafunga.

Faida ya 900 ilitoka wapi, basi? Ilitoka kwa mke. Saa zake 30 hazikuandikwa popote, kwa hiyo zilionekana za bure. Kwenye biashara nyingi za familia ugenini, pengo la kipato halizibwi na duka. Linazibwa na usingizi wa mtu mmoja ndani ya nyumba, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke.

Nisieleweke vibaya, sisemi duka ni baya. Saa 390 za ajira hazipatikani kila mahali. Mwenye mtoto mdogo anaweza kukaa naye dukani, akaokoa hela ya kulea, ambayo Uingereza sio ndogo. Duka likikua unaweza kuliuza, wakati zamu ya ghala huwezi kumuuzia mtu. Na kuna heshima. Mwanaume aliyekuwa na watu watatu chini yake, kisha akaishi miaka tisa akiitwa kwa namba ya zamu, akisimama tena nyuma ya kaunta yake mwenyewe kuna kitu kinarudi ndani yake. Heshima hiyo ina thamani, na mke mwenye busara haipuuzi. Ninachosema ni kwamba bei yake ijulikane, na ijulikane na wote wawili.

Mtaji, upatu na wateja walewale

Benki ya ugenini haimpi mkopo kirahisi mtu asiye na historia ndefu ya mikopo. Ndio maana wahamiaji wa mataifa mengi wanafanya kile ambacho mama zetu wamekifanya siku zote: upatu. Wakorea wanauita kye. Walipohamia Los Angeles kwa wingi baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965, wengi wao wakiwa na digrii ambazo Marekani haikuzitambua, kye ilikuwa mojawapo ya njia za kupata mtaji wa maduka ya vyakula, pombe na udobi. Akiba za familia na nguvu za mke, mume na watoto zikamalizia.

Ilizaa matunda, na ilikuwa na hatari yake. Fujo zilipolipuka Los Angeles tarehe 29 Aprili 1992, maduka zaidi ya 2,000 ya Wakorea yaliharibiwa au kuporwa, na wengi hawakuwa na bima ya kutosha. Familia iliyokuwa imeweka kila kitu pale ilibaki na funguo za jengo lililoungua.

Fujo za namna hiyo ni nadra, lakini duka kufa kwa kukosa wateja si nadra. Ukiuza unga wa sembe na dagaa kwa Watanzania wa mji mmoja, hesabu Watanzania. Wako wangapi? Wangapi wananunua kila wiki, na wangapi wanakopa kwa sababu "sisi ni ndugu"? Ukweli ni kwamba soko la watu wa kwenu ni zuri kwa kuanzia, ila lina ukuta. Anayefika mbali ni yule ambaye baada ya mwaka Wanigeria, Wakongo, Wajamaika na wazungu wa mtaa wameshazoea kuingia kwake.

Halafu kuna ndugu

Hapa nitaongea kama dada yenu. Sisi wa nyumbani ni sehemu ya tatizo.

Benki Kuu ya Kenya ilihesabu kuwa Wakenya walioko nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Nyuma ya namba hiyo kuna ada, matanga, mahari na mabati. Mtu akiwa na mshahara, ana kisingizio: "Bado sijalipwa." Akifungua duka, kisingizio kinakufa. Picha moja ya kaunta ikitua kwenye grupu la familia, kesho yake maombi matatu. Nyumbani hatuoni kwamba hela iliyo kwenye droo jioni ni ya mzigo wa kesho asubuhi.

Kabla ya duka, wawili mkubaliane kiasi cha kutuma kila mwezi, kwa pande zote mbili za ukoo, na mkiseme kwa mdomo mmoja. Mume asije akamtumia mdogo wake kwa siri kutoka kwenye droo, na mke asije akafanya hivyohivyo kwa mama yake. Biashara nyingi zinakufa kwa wema wa chinichini.

Sheria haina undugu

Yote haya niliyoandika ni kwa wenye ruhusa. Usiache kazi kabla hujasoma kibali chako. Viza ya mwanafunzi Uingereza hairuhusu kujiajiri kabisa. Viza ya kazi za huduma kwa wazee na wagonjwa inakufunga kwa mwajiri aliyekudhamini. Na wanaopanga kuondoka wajue kuwa tangu 11 Machi 2024 waombaji wapya wa kazi hizo za uhudumu hawakuruhusiwa kwenda na mwenza wala watoto, na tangu 22 Julai 2025 njia hiyo ilifungwa kwa watu wapya wanaoajiriwa kutoka nje. Ajenti akikuambia tofauti, shika pochi yako.

Hata ujuzi wa mikono una sheria zake. Jestina Clayton alihamia Marekani kutoka Sierra Leone akiwa anajua kusuka tangu utotoni. Alipotaka kuifanya biashara jimboni Utah, akaambiwa anahitaji leseni ya urembo yenye mafunzo ya saa 2,000, ambayo kwa sehemu kubwa hayakuhusu kusuka. Alikwenda mahakamani, na 2012 mahakama ya shirikisho ikampa ushindi. Alishinda, lakini sio kila mtu ana nguvu ya kushtaki jimbo. Uliza kwanza. Uingereza, kwa mfano, biashara ya chakula, hata ya kupikia nyumbani, inatakiwa kusajiliwa halmashauri siku 28 kabla ya kuanza, na usajili ni bure.

Maswali ya kujibu wote wawili, kwa kalamu

Mwenzangu, chukueni jioni moja, simu zikae mbali, mjibu haya:

1. Tunavutwa na biashara au tunasukumwa na kazi tuliyoichoka? Kama ni kuchoka, je, kuna kazi nyingine au cheti cha pale kinachoweza kutusaidia kwa hela ndogo zaidi?

2. Kila mmoja atafanya saa ngapi kwa wiki? Jumlisheni zote, kisha gawanya faida. Mnapata shilingi, dola au pauni ngapi kwa saa?

3. Anayesaidia "kidogo tu" atalipwa nini, na kitaandikwa kwenye daftari gani?

4. Jina la nani liko kwenye mkataba wa pango, akaunti na leseni? Mkiachana au mmoja akifariki, mwingine anabaki na nini?

5. Hasara ikifika kiasi gani tunaacha? Andikeni namba kabla ya kuanza, mkiwa bado mnapendana na wateja.

6. Mmoja wetu anaweza kubaki na mshahara angalau mwaka wa kwanza?

Swali la nne watu hawalipendi. Wanaona kama kutabiriana mabaya. Lakini mume na mke ambao hawawezi kuongelea jina kwenye mkataba watawezaje kuongelea deni?

Kilichotokea kwa shoga yangu

Nilimtumia haya yote, ile hesabu ikiwa juu kabisa. Akakaa kimya siku nne, nikajua nimeharibu.

Kumbe alikuwa ameibandika kwenye mlango wa friji, na chini yake akaandika saa zake mwenyewe: kufunga mizigo, kupika sambusa za kuuza, kusafisha, kupokea simu, kumchukua mtoto shule. Shemeji alipoikuta alikasirika kwanza. Alidhani mkewe anamwambia hawezi. Usiku ule alikwenda kazini bila kuaga, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Asubuhi aliporudi, shoga yangu anasimulia, alisimama mbele ya friji na koti lake bado mwilini. Yeye mhasibu, namba hazimdanganyi. Akazisoma zote, akapiga hesabu upya kwa kidole, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe miezi yote hii nilikuwa nakuhesabu bure."

Hawajafungua duka. Wamechukua meza ya Jumamosi sokoni, kwa miezi sita, wanauza sambusa, mandazi na unga. Akiba ya kiwanja wameimega moja ya tano tu. Kwenye daftari la biashara kuna mstari wa malipo ya mke, unaoandikwa kabla ya faida. Na shemeji amejisajili kufanya mitihani ya uhasibu inayotambulika kule, anasoma kwenye basi akienda zamu. Huenda mwisho wa miezi sita watafungua duka, huenda watagundua watu wanapenda sambusa kuliko unga, huenda wataacha. Lolote litakalokuwa, wataliamua wakiwa wawili, na kila mmoja anajua mwenzake ametoa nini.

Juzi alinipigia tena. Safari hii hakukaa kwenye ngazi, alikuwa sebuleni, na nyuma yake nilimsikia shemeji akipaza sauti: "Mwambie shemeji yangu hiyo makala yake imenigharimu! Siku hizi kila Jumamosi nalipa mshahara!"

Tukacheka wote watatu.